Torta ahogada: kupika nyumbani mkate wa Guadalajara unaozamishwa kwenye mchuzi

Mjini Guadalajara, magharibi mwa Mexico, ukiagiza torta ahogada hakuna anayekuuliza kama unataka mchuzi. Unaulizwa izame kiasi gani. Media ahogada huogeshwa mchuzi wa nyanya na kutiwa pilipili kidogo tu. Bien ahogada hulowekwa kwenye mchuzi wa pilipili mpaka mlaji anatoka jasho puani. Ahogada kwa Kihispania ni aliyekufa maji, na torta kwa watu wa Mexico ni mkate uliopasuliwa ukajazwa vitu vya kula, yaani sandwichi. Ukivuka bahari ukafika Hispania, neno hilohilo linaweza kukuletea keki, kwa hiyo jina lisikuchanganye.

Jinsi ilivyoanza kuna masimulizi mengi. Linalopendwa zaidi ni la mkate ulioponyoka ukatumbukia kwenye mchuzi kwa bahati mbaya, ukaliwa hivyohivyo, ukaonekana mtamu.

Ndani yake kuna vitu sita: mkate mgumu wenye chumvi, maharage yaliyopondwa na kukaangwa, nyama ya nguruwe iliyoivia kwenye mafuta yake, mchuzi mwepesi wa nyanya, mchuzi mkali wa pilipili kavu, na vitunguu vilivyolala kwenye ndimu. Nyanya, pilipili na maharage ni mimea ya bara la Amerika; jitomate na chile, kama wanavyoita wao nyanya na pilipili, ni maneno yaliyotoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Ngano na nguruwe vilikuja na Wahispania waliouteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Ndimu yao ndogo ya kijani ni ndimu hiihii yetu. Ukiviangalia hivi vitu kimoja kimoja, hakuna ambacho mpishi wa Dar es Salaam au Nairobi hajawahi kukishika, na mtu aliyezoea kula kitimoto kwa ndimu, kitunguu na pilipili atajiona yuko nyumbani tangu tonge la kwanza.

Lakini shika hili kabla hujawasha jiko: kazi kubwa iko kwenye mkate. Mara ya kwanza kupika torta hii nilitumia skonzi laini za dukani. Nyama ilikuwa imeiva vizuri na mchuzi ulikuwa na ladha niliyoitaka. Dakika mbili baada ya kumimina, kwenye sahani kulikuwa na uji wa ngano wenye vipande vya nyama. Kazi ya siku nzima iliharibiwa na kitu nilichokidhania kuwa cha kushikia nyama tu. Tangu siku hiyo naanza na mkate, na ukikosa mkate mzuri ni heri usubiri siku nyingine.

Vipimo vya hapa chini vinatosha torta sita za kushiba.

Panga siku mbili

Jioni ya kwanza loweka maharage, changanya chachu ya mkate, na upike mchuzi wa pilipili, kwa sababu unapolala usiku mmoja ukali wake unatulia na ladha inakolea. Kesho yake asubuhi kanda mkate. Wakati unaumuka, bandika nyama na maharage. Mchuzi wa nyanya na vitunguu ni kazi ya saa ya mwisho. Ukianza saa mbili asubuhi, mezani mtakaa saa nane mchana bila haraka.

Mkate

Mkate wenyewe unaitwa birote salado. Ni mrefu kama kiganja na vidole vyake, ncha zake zimechongoka kidogo, ganda lake ni gumu na nyama yake ya ndani imeshikana, ina uchachu na chumvi ya kusikika mdomoni. Inasimuliwa kwamba jina limetokana na Camille Pirotte, askari Mbelgiji aliyekuwa Guadalajara wakati majeshi ya Ufaransa yalipoivamia Mexico miaka ya 1860 na akawafundisha wenyeji kuoka mkate wa Kizungu. Wenyeji wa Guadalajara, ambao hujiita tapatío, wanaamini birote hautoki vizuri nje ya mji wao, na wanataja hali ya hewa na mwinuko wa mji, karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo hicho mtu wa Arusha hana cha kuogopa. Nami nimeuoka kwenye joto la Dar es Salaam. Si birote wa Guadalajara, lakini ukizama hauvunjiki.

Chachu kwanza. Kwenye bakuli changanya gramu 150 za unga wa ngano, mililita 150 za maji ya kawaida na hamira kidogo sana, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili. Funika, acha nje usiku kucha, saa 12 mahali penye baridi, saa 8 zinatosha pwani. Asubuhi utaikuta imejaa mapovu na imeanza kunywea katikati, ina harufu ya tunda lililoiva sana. Hapo iko tayari. Waokaji wa Guadalajara wana chachu zao za miaka, na wapo wanaozilisha kwa ndimu na bia. Sisi ndimu itatutosha.

Ongeza kwenye chachu hiyo gramu 350 za unga, mililita 150 za maji vuguvugu, kijiko cha chakula cha maji ya ndimu, nusu kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha chai cha sukari na vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa. Usiweke mafuta, siagi wala maziwa. Vitu hivyo ndivyo vinavyoulainisha mkate, na hapa ulaini ni adui.

Kanda kwa dakika 12 za kweli, ukiangalia saa. Mwanzoni donge litakuwa linanata mkononi. Vumilia, usiongeze unga kila mara. Ili kujua kama umemaliza, kata kipande cha ukubwa wa ndimu, kishike kwa vidole vya mikono miwili na ukivute polepole kuelekea dirishani. Kikiwa chembamba mpaka mwanga wa nje unapita bila kutoboka, umemaliza. Kikichanika mapema, kanda dakika tatu nyingine. Ukandaji huu ndio unaoupa mkate nyuzi zinazoushikilia ukishalowa.

Paka bakuli mafuta kidogo sana, weka donge, funika kwa kitambaa chenye unyevu mpaka liwe mara mbili ya lilivyokuwa. Ni saa moja na nusu hadi mbili. Kisha gawa sehemu sita zenye gramu 135 hivi. Kila sehemu ibonyeze iwe bapa, ikunje kama barua, bana mshono kwa kiganja, halafu izungushe mezani ukikandamiza zaidi pembeni ili ncha zichongoke. Urefu uwe sentimita 15. Panga kwenye kitambaa kilichonyunyizwa unga, kikunje kunje katikati ya mikate ili isigusane, na uiache dakika 45.

Washa oveni mapema ifikie nyuzi 230, ukiwa umeweka trei tupu sehemu ya chini. Chanja kila mkate mara moja tu kwa urefu kwa wembe mpya, ukiulaza wembe ubavu. Ingiza mikate, mimina kikombe cha maji ya moto kwenye ile trei ya chini na ufunge mlango haraka. Mvuke unachelewesha ganda kukauka, mkate unapata nafasi ya kupanda, kisha ganda linakuja kuwa gumu na la kung'aa. Baada ya dakika 10 toa trei ya maji. Oka dakika 13 hadi 15 nyingine mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Rangi ya asali haitoshi. Zima moto, acha mlango wazi kidogo, mikate ikae humo dakika 10 ikauke.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye kifuniko cha bati na jiko la mkaa, kama tunavyooka keki: tandika mchanga mkavu chini, weka bati la mikate juu yake, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Mvuke hauhitaji kuutafuta, kwa kuwa sufuria iliyofungwa inautunza wenyewe. Dakika kumi za mwisho sogeza kifuniko kidogo utoke.

Mkate ulioiva ukigongwa chini unatoa sauti ya ngoma tupu, na ukibonyeza ganda linapasuka badala ya kubonyea. Uache upoe kabisa kabla ya kuukata. Wa jana, uliorudishwa motoni dakika tano, ni mzuri zaidi kwa kazi hii kuliko wa leo.

Kama kuoka hakuwezekani, kwa Zanzibar na Mombasa tafuta boflo, na walio Bujumbura au Bukavu watumie ile mikate mirefu ya Kifaransa. Kata vipande vya sentimita 15, viweke kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10 vikauke. Mkate wa slesi na skonzi usijaribu.

Nyama

Nyama ya torta hii ni carnitas, nguruwe aliyepikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe. Ni chakula kinachojivuniwa zaidi na jimbo jirani la Michoacán, ambako wapishi wake hutumia karai kubwa za shaba; mji mmoja wa huko, Santa Clara del Cobre, umepata jina kwa ufundi huo wa shaba. Nyumbani sufuria nzito inatosha.

Nunua kilo 1 na robo ya bega, na umwombe muuza bucha akuachie mafuta na kipande cha ngozi. Nyama nyeupe ya kiunoni itakuwa kavu hata ufanyeje. Kata vipande vya ukubwa wa ngumi. Vidogo vinageuka mifupa mikavu kabla havijalainika. Paka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, acha nusu saa.

Weka kwenye sufuria nyama, gramu 250 za mafuta ya nguruwe, nusu lita ya maji, punje tano za kitunguu swaumu zilizopondwa kidogo na nusu ya chungwa lililokamuliwa humo, ganda lake nalo litumbukizwe. Bandika, ikichemka punguza moto, funika nusu. Kwa saa moja na nusu ya kwanza nyama inachemka, na ngozi na mafuta yanayeyuka. Kisha maji yanaisha. Utalijua kwa sikio: ile sauti nzito ya kutokota inageuka kuwa ya kucharuka, nyepesi na ya haraka. Toa ganda la chungwa, ongeza moto kidogo, na sasa nyama inakaangika. Geuza kila baada ya dakika chache kwa dakika 20 hivi, mpaka nje iwe kahawia na ndani uma uingie bila kusukumwa. Usiondoke jikoni wakati huu. Kwa nguruwe hakuna kuiva nusu, na njia hii ya saa mbili inakuhakikishia hilo.

Toa nyama, iache itulie dakika 15, kisha ichambue kwa mkono na uikate kate kwa kisu pamoja na ngozi. Wa Guadalajara huchanganya laini, mafuta na ngozi kwenye mkate mmoja, na ndivyo inavyopaswa. Mafuta yaliyobaki yachuje, uyahifadhi, maharage yanayasubiri.

Asiyekula nguruwe hajafungiwa mlango. Huko Guadalajara kwenyewe zinauzwa torta ahogada za kamba. Kaanga gramu 700 za kamba waliomenywa kwa kitunguu swaumu na chumvi kwa dakika tatu tu, dakika ya mwisho kabla ya kujaza mkate. Au chukua kidari cha ng'ombe chenye mafuta, kifuate maelezo hayohayo kwa mafuta ya alizeti badala ya ya nguruwe, na ukipe saa moja zaidi. Mimi kati ya hizo mbili ningechagua kamba.

Maharage

Yanaitwa frijoles refritos. Wengi hudhani maana yake ni yaliyokaangwa mara mbili; kwa Kihispania cha Mexico ile re ya mwanzo inatilia mkazo, yaani yaliyokaangwa sawasawa. Chukua gramu 300 za maharage ya njano yaliyolowekwa usiku kucha. Hayo ndiyo yanayokaribiana zaidi na yanayopendwa Jalisco, jimbo lenye mji wa Guadalajara, yanalainika upesi na hayana ganda gumu. Chemsha na robo ya kitunguu na punje mbili za kitunguu swaumu mpaka yapondeke kwa vidole viwili. Chumvi iwe mwishoni. Maji yake usimwage.

Pasha vijiko vitatu vya chakula vya yale mafuta ya nyama kwenye kikaango kipana. Tia maharage na kikombe kimoja cha maji yake, ponda kwa mchi au kwa mgongo wa mwiko huku yanachemka. Endelea kukoroga. Yatanywa mafuta, yatang'aa, na ukiburuta mwiko chini ya kikaango utaacha njia ambayo haifungi mara moja. Hapo epua. Yawe mazito kuliko unavyodhani, kama siagi ya karanga, maana yana kazi mbili: ladha, na kuukinga mkate. Tabaka hilo la mafuta na maharage upande wa ndani linauzuia mchuzi usifike katikati haraka. Tui la nazi, hata kama mkono unakuvuta, liache. Maharage ya nazi ni mchuzi, na hapa tunahitaji kitu cha kupakwa.

Mchuzi wa nyanya

Ni mwepesi, unatiririka kama supu, na hauna ukali. Nimeona watu wakiukaanga kama rojo la pilau, na hapo ndipo unapoharibika: ukiwa mzito unakaa juu ya mkate badala ya kuingia.

Chemsha kilo moja ya nyanya zilizoiva sana, robo ya kitunguu na punje mbili za kitunguu swaumu, zikiwa zimefunikwa na maji, mpaka maganda yaanze kujichubua. Saga kwenye blenda na vikombe viwili vya maji hayohayo pamoja na nusu kijiko cha chai cha oregano kavu, robo kijiko cha binzari nyembamba, karafuu moja na punje chache za pilipili manga. Chuja. Usiruke kuchuja, mbegu na maganda yanaukwaruza ulimi. Rudisha motoni, tia chumvi na kijiko cha chakula cha siki, chemsha dakika 15. Onja: kama nyanya zako ni chachu, sukari kidogo itaziweka sawa. Oregano ya Mexico ni mmea mwingine kabisa na ule wa Mediterania, wa ukoo mwingine, lakini ile ya kopo inayouzwa madukani inafaa.

Mchuzi wa pilipili

Pilipili yake ni chile de árbol, nyembamba, nyekundu, ndefu kama kidole cha mtoto, inayokaushwa na kikonyo chake. Inayosifiwa zaidi Jalisco ni ya Yahualica, na mwaka 2018 ilipewa hati ya kulinda jina la asili, kama wanavyolindwa wazalishaji wa tequila katika jimbo hilohilo. Kwetu iliyo karibu nayo ni pilipili kavu nyekundu ndefu zinazouzwa kwa gramu kwenye maduka ya viungo ya Kihindi. Pilipili kichaa iliyokaushwa inafaa ukipunguza iwe theluthi ya kipimo, kwani ukali wake unafika kabla ya ladha. Pilipili mbuzi hapana. Ni tamu, lakini harufu yake ya matunda inaufunika mchuzi wote na torta inakuwa kitu kingine.

Fungua madirisha na uwatoe watoto jikoni. Ondoa vikonyo kwenye gramu 30 za pilipili kavu. Pasha kikaango kikavu kwa moto mdogo, zitupie humo, zigeuze bila kupumzika kwa sekunde 30 hadi 40. Zinavimba kidogo, zinang'aa, na harufu inatoka kama ya karanga zinazoanza kuiva. Toa papo hapo. Zikiwa na madoa meusi zitupe uanze upya, kwa kuwa uchungu wa pilipili iliyoungua hauondoki hata kwa sukari. Kwenye kikaango hichohicho kaanga kijiko kimoja na nusu cha ufuta mpaka uanze kuruka.

Mimina maji ya moto kikombe kimoja juu ya pilipili, funika dakika 20. Saga pamoja na maji hayo, ufuta, punje mbili za kitunguu swaumu, karafuu moja, nusu kijiko cha chai cha oregano, robo kikombe cha siki na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Acha blenda ifanye kazi dakika tatu nzima, kisha chuja kwa chujio la waya ukisukuma kwa kijiko. Unatakiwa upate mchuzi wa rangi ya matofali, laini, unaomiminika. Kwenye chupa ya kioo ndani ya friji unakaa wiki mbili.

Michuzi hii miwili usiichanganye jikoni. Kila mlaji achanganye mwenyewe mezani.

Vitunguu

Kata vitunguu vyekundu viwili duara nyembamba, vipikiche na chumvi kwa vidole, suuza mara moja, kamua. Mimina maji ya ndimu nne na oregano kidogo. Baada ya nusu saa vinakuwa na rangi ya waridi na havina tena makali ya kuwasha pua. Nyanya usiongeze, hatutengenezi kachumbari.

Kuzamisha

Sasa mwite kila anayekula akae. Torta ahogada haimsubiri mtu.

Mchuzi wa nyanya uwe unachemka. Pasua mkate kwa urefu upande mmoja, ubaki umeshikana upande wa pili kama kitabu. Kama ndani umejaa sana, ng'oa kidogo upate nafasi. Paka maharage kuta zote mbili, mpaka kwenye kingo, pasibaki sehemu nyeupe. Shindilia nyama, mkono mmoja uliojaa. Nyunyiza chumvi kidogo juu ya nyama, funga, bana kwa kiganja.

Kuna njia mbili za kuzamisha. Ya kwanza ni kuulaza mkate kwenye sahani ya kina na kuumwagia upawa mbili au tatu za mchuzi wa nyanya, mpaka nusu ya chini ikae ndani ya mchuzi. Ya pili ni kuushika kwa koleo na kuutumbukiza mzima kwenye sufuria kwa kuhesabu mpaka tano, kisha kuuweka kwenye sahani na kuongeza upawa mmoja. Mkate wa kujiokea mwenyewe unaweza ya pili. Boflo uufanyie ya kwanza.

Juu weka vitunguu na maji yake ya ndimu. Pilipili ije mwisho, kwa kijiko cha chai kwanza. Mgeni asianze na bien ahogada. Aanze na vijiko viwili, aonje, aongeze. Mwenye moto mdomoni anywe maziwa au ale kipande cha mkate mkavu, maji yanausambaza tu.

Inaliwa kwa mikono, umeinamia sahani, na kijiko kando cha kuchotea mchuzi na nyama iliyodondoka. Ukiing'ata vizuri utakutana kwanza na ganda lililolowa nje lakini bado linakatika kwa jino, halafu maharage, halafu nyama yenye chumvi, na uchachu wa ndimu unafuata nyuma. Una kama dakika kumi kabla mkate haujakubali kushindwa, kwa hiyo usitengeneze ya pili mpaka ya kwanza iishe.

Vikibaki, kila kitu kihifadhi peke yake. Nyama na maharage vinakaa siku tatu kwenye friji, mchuzi wa nyanya siku nne, na mikate iliyobaki ifunge kwa kitambaa, si kwa mfuko wa plastiki, usije ukalainisha ganda ulilolihangaikia. Kesho yake upashe dakika tano, uchemshe mchuzi upya.